Kabla ya Mlango wa Wodi: Kazi, Barabara na Kauli katika Uzazi wa Wanawake wa Njombe na Makambako



Nianze na namba mbili ambazo wengi mmezisikia redioni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini, akina mama 556 walipoteza maisha kwa sababu za ujauzito na uzazi. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulileta 104. Viongozi wetu wameyataja mafanikio haya majukwaani, ndani na nje ya nchi, na wana haki ya kuyataja. Ila ni vizuri tujue namba hizi hupatikanaje. Hazitoki kwenye madaftari ya hospitali. Mdadisi hubisha hodi nyumbani, akakaribishwa, akauliza: mama yako alizaa wangapi, dada zako wako wapi, na huyu aliyefariki, alifariki akiwa mjamzito, akijifungua, au baada ya kujifungua? Ndani ya kila namba kuna ndugu aliyeketi akihesabu waliomtoka. Haya ni makadirio, na makadirio ya namna hii huwa na nafasi kubwa ya kupanda au kushuka. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa hesabu zao, yaliiwekea Tanzania 238 kwa mwaka 2020. Sitawachosha kwa kubishana ipi ni sahihi zaidi. Mwelekeo ni kushuka, na hata iliyo ndogo kuliko zote bado iko juu ya 70, kiwango ambacho dunia ilijiwekea iwe imekishukia ifikapo 2030. Kwa mwaka 2023 peke yake wanawake wapatao 260,000 duniani walikufa kwa uzazi, na saba katika kila kumi walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wa Njombe, tangu ulipokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, umekuwa miongoni mwa mikoa ambayo akina mama wengi zaidi hujifungulia kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali. Mtu anayetoka Dar es Salaam akidhani atakuta huku wanawake wanazalia porini atashangaa. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, tuna Kibena, tuna Ilembula ya Walutheri, tuna Ikonda ya Wamisionari wa Consolata kule Makete ambayo watu huifuata kutoka mikoa ya mbali. Malaria, ambayo pwani na kanda ya ziwa humnyonya mjamzito damu, hapa kwetu ni kidogo sana kwa sababu ya baridi ya nyanda hizi. Chakula tunacho; tunalisha miji ya wengine kwa mahindi, viazi na maharage.

Basi kwa nini mhadhara huu? Kwa sababu mwanamke wa Njombe anafika kitandani salama zaidi kuliko wenzake wengi, lakini anafika amechoka, na mara nyingi ana maradhi ambayo hakuyatafuta. Tumefanya kazi kubwa ya kumfikisha mlangoni pa wodi. Yaliyompata kabla ya mlango ule, yaani mzigo wa kazi, lishe, ndoa, safari za mume, na swali la nani ana kauli juu ya fedha na juu ya mwili wake, tumeyaacha kana kwamba si mambo ya afya. Mimi nasema hayo ndiyo afya ya uzazi yenyewe, na kwamba katika mkoa huu kubwa kuliko yote ni kazi.

Niwape kwanza kipimo ambacho wauguzi wetu wanakijua kwa moyo. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mwenye tatizo la uzazi hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Miaka saba nyuma yake, Februari 1987, mkutano wa Nairobi ulikuwa umetoa mwito wa dunia nzima juu ya uzazi salama. Tangu hapo mipango yetu mingi imejengwa juu ya hatua hizo tatu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, ule wa kila kijiji zahanati na kila kata kituo cha afya, ulilenga ucheleweshaji wa pili. Kuwafundisha matabibu wasio madaktari bingwa kufanya upasuaji wa uzazi, jambo ambalo Tanzania imelifanya kwa miongo mingi na wenzetu wengi wakaja kujifunza, kulilenga wa tatu.

Juu ya barabara nitasema machache, maana mnazijua kuliko mimi. Lami kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita zipatazo 60 na haina shida. Shida iko ukiiacha lami. Mwanamke wa mashamba ya chai ya Lupembe, mvua zikikolea kati ya Januari na Aprili, anategemea udongo mwekundu na ujasiri wa kijana wa bodaboda. Mwanamke wa vijiji vya ufukwe wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa, ana milima ya Livingstone mgongoni na maji mbele yake. Ziwa likichafuka, hana njia. Kutokwa damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama ndani ya saa mbili. Kwa mwanamke huyo kituo kilicho mbali saa nne ni sawa na kisichokuwepo. Kwa hili naupongeza mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao kwa namba 115, isiyotozwa, humtafutia mama au kichanga gari la wagonjwa, na lisipopatikana huita dereva wa kawaida aliyesajiliwa na kumlipa. Ni wazo zuri kwa sababu halikusubiri kila kijiji kipate gari la wagonjwa. Lilitumia magari yaliyokuwepo. Wanaume mlio hapa wenye magari kule Lupembe, Lugarawa na Manda, jiandikisheni.

Lakini angalieni: namba 115 hupigwa na mtu aliyekwisha kuamua kwamba kuna hatari. Nani anaamua? Hapo ndipo tunapoingia ndani ya nyumba.

Tuseme kuna mwanamke wa kijijini, mimba ya miezi saba, mwezi wa Januari. Anaamka kabla ya jua. Anawasha moto jikoni, jiko la mafiga matatu katika chumba kilichofungwa vizuri kwa sababu ya baridi, na ule moshi wa kuni anauvuta yeye na aliye tumboni. Moshi huo unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo; hili limechunguzwa katika nchi nyingi. Watoto wanakunywa uji, wanakwenda shule. Yeye anakwenda kupalilia mahindi, na kurudi kwake hakurudi mikono mitupu, anapitia kuni. Jioni ni maji, ni mboga, ni kupika, ni kufua. Mtu atasema, hiyo ni kazi ya msimu, mvua zikiisha atapumzika. Wabena na wenzetu Wahehe wanajua jibu: mvua zikiisha kuna vinyungu. Bonde lenye unyevu linalimwa kiangazi kizima, na anayeinama kwenye vinyungu kwa sehemu kubwa ni mwanamke. Juu ya hayo kuna viazi vya kuvuna na kupakia, kuna parachichi, na kwa aliye karibu na shamba kubwa kuna kuchuma chai kwa kilo. Anayelipwa kwa kilo, siku ya kupumzika ni siku isiyo na fedha. Kwa hiyo hapumziki. Na akilalamika kidogo ataambiwa kwamba ujauzito si ugonjwa.

Ni kweli si ugonjwa. Lakini ni kazi, tena ni kazi ya mwili mzima usiku na mchana, na mwili unaofanya kazi mbili unahitaji chakula cha kazi mbili. Hapa ndipo mkoa wetu una aibu ambayo lazima tuitaje. Utafiti wa lishe wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 53.6 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wa kwanza nchini. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 50.4, wa pili nyuma ya ndugu zetu wa Iringa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Nusu ya watoto, katika mkoa unaolisha wengine! Kila mwaka tunashangaa, kila mwaka tunaitisha kikao, na mara nyingi lawama humwangukia mama: hajui lishe bora, hachanganyi vyakula, anauza mayai na parachichi badala ya kuwapa watoto. Zipo nyumba ambamo hilo ni kweli. Lakini mama anayetoka alfajiri na kurudi magharibi hawezi kumnyonyesha mtoto mara nane kwa siku wala kumlisha mara tano, hata kama amehudhuria semina kumi. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mwepesi. Kudumaa huanzia tumboni, kwa mama ambaye hakuongezeka uzito inavyopaswa, kukaendelea mgongoni na kwenye mkeka. Siku 1,000 za kwanza, ambazo wataalamu wa lishe huzihubiri, ni siku 1,000 za mwanamke vilevile.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu kuna kiungo kimoja ambacho mikutano yetu ya lishe na mikutano yetu ya uzazi salama haijakiona. Mtoto wa kike aliyedumaa leo ndiye mjamzito wa miaka ishirini ijayo. Msichana ambaye mifupa yake haikupata kilichostahili utotoni huweza kukua akiwa mfupi, na miongoni mwa wanawake wafupi walio wengi huzaa bila tatizo, lakini wenye nyonga nyembamba ni wengi zaidi kuliko kwa wanawake warefu. Nyonga nyembamba ndiyo huleta uchungu pingamizi: kichwa cha mtoto hakipiti, saa zinakwenda, mji wa mimba unachoka au unapasuka. Akiokoka, huenda akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia, akafichwa chumba cha uani. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilipoona, mwaka 2009, kwamba wanawake wa namna hii wanashindwa kufika kwa kukosa nauli, ikaanza kuwatumia nauli kwa M-Pesa. Hilo ni jambo jema sana. Lakini fistula ile ilianza kwenye kikombe cha uji mwepesi, miaka ishirini nyuma yake. Mkoa ambao nusu ya watoto wake wamedumaa unajiandalia upasuaji wa uzazi wa kizazi kizima kijacho, na wala haujui.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwalimu wa Makambako anaipata. Karani wa halmashauri anaipata. Je, huyu wa vinyungu anaipata kwa nani? Mwajiri wake ni nyumba yake. Pwani kuna desturi ya arobaini, mzazi anakaa ndani siku arobaini, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, hagusi jembe wala ndoo. Katika vijiji vyetu pia wazee wanajua kumlea mzazi; bibi huja, shangazi huja. Lakini nyumba zimebadilika. Bibi mwenyewe siku hizi analea wajukuu yatima. Shangazi yuko Dar es Salaam. Mapumziko yale yalishikiliwa na watu, na watu wamepungua.

Kwa nini wamepungua? Hapa niombe ruhusa ya kurudi nyuma. Njombe ilifanywa ghala la vibarua tangu zamani za wakoloni. Miaka ya 1940 na 1950, shirika la wenye mashamba ya mkonge, SILABU, lilikusanya wanaume wa nyanda hizi na kuwapeleka Tanga na Morogoro, wale tuliowaita manamba. Kampuni ya miti ya miwati, TANWAT, ilipoanzishwa mwaka 1949, iliwabakiza baadhi yao karibu na nyumbani, lakini mazoea ya mwanamume kuishi mbali na mkewe kwa miezi yalikwisha kuota. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa Kikinga kutoka Makete waliotawanyika nchi nzima, wapasua mbao, madereva. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, nayo ikapita Makambako sambamba na barabara kuu ya Zambia, na hapohapo barabara ya Songea ikachepuka. Makambako ikawa njia panda ya nusu ya kusini mwa Afrika: malori yanayolala, mabasi ya usiku, mbao, mahindi, nyumba za wageni, na mamia ya wanawake wanaoishi kwa kuwahudumia wapitaji, mama lishe, wauza matunda dirishani pa basi, wahudumu wa baa.

Virusi vya Ukimwi vilipopita barabara hii vilikuta kila kitu kimeandaliwa. Mume aliye mbali, mke asiyeweza kuuliza, fedha taslimu mikononi mwa wapitaji, pombe ya ulanzi msimu wa mvua. Utafiti wa 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wana maambukizi, wakati taifa lilikuwa na asilimia 5.1. Utafiti wa 2016/17 ulikuta 11.4. Ule wa 2022/23 ulikuta 12.7, na taifa 4.4. Tumeshika nafasi ya kwanza katika tafiti zote tatu. Sehemu ya namba hii ni habari njema, kwa maana watu wanaotumia dawa wanaishi na wanahesabiwa. Lakini kwa upande wa uzazi ina maana hii: mkunga wa Makambako anamhudumia mwenye maambukizi si mara mojamoja, ni kila juma. Mama mwenye VVU asiyetumia dawa ana hatari kubwa zaidi ya kufa kwa uambukizo na kifua kikuu katika ujauzito na baada yake, na mtoto wake ana uwezekano wa kati ya asilimia 15 na 45 kuambukizwa. Akitumia dawa vizuri, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yake yote, bila kusubiri kinga zishuke, na kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa afya uliowafaa wanawake wa mkoa huu kuliko huo.

Ila dawa hukutana na nyumba ileile niliyoieleza. Mama anapimwa kliniki kwa sababu ana mimba. Mumewe hapimwi, kwa sababu hana mimba. Kwa hiyo habari inaingia nyumbani kupitia mwanamke, naye huonekana ndiye aliyeileta. Wako wanaoficha vidonge kwenye debe la unga. Ili kulitatua, vituo vingi vikaweka utaratibu kwamba mjamzito aje na mwenza wake hudhurio la kwanza, na nia ilikuwa njema. Lakini asiye na mwenza, au ambaye mwenza wake yuko Tunduma na lori, hutakiwa aende kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa akaombe barua ya kueleza kwamba hana mume. Fikirini binti wa miaka kumi na tisa akisimama mbele ya mzee wa mtaa kuandikiwa barua ya namna hiyo. Wengine wanaona bora wasubiri. Anasubiri mpaka miezi sita, na miezi ile mitatu iliyopotea ndiyo ilikuwa ya kupima damu, kaswende, VVU na shinikizo la damu. Mwaka 2022, nchi nzima, wajawazito waliofikisha mahudhurio manne au zaidi walikuwa asilimia 65. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka manane. Mwanamume aalikwe, apewe kiti, apimwe, ahudumiwe kabla ya foleni akija. Lakini kutokuja kwake kusiwe kufuli kwa mkewe. Barua hizi ziondolewe.

Kuna pia jambo linaloambatana na VVU ambalo hatulisemi ipasavyo: saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kuipata. Inakua polepole, miaka na miaka, na ikionekana mapema hutibiwa palepale kituoni. Uchunguzi wenyewe ni wa siki na macho ya muuguzi aliyefunzwa. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mkoa wenye maambukizi mengi kuliko yote ulipaswa kuwa wa kwanza kwa uchunguzi huu, kwa sababu mwanamke anayefika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa amechelewa amesafiri kilomita zipatazo 700 kwenda kupunguziwa maumivu tu.

Wasichana wanastahili mhadhara wao wenyewe. Nitasema mambo mawili. Iringa na Njombe ndiko watu wa mijini hutafutia madada wa kazi. Binti anamaliza darasa la saba, anakuja mama mmoja na gari, anapewa ahadi ya cherehani au shule ya ufundi. Wapo wanaotendewa vema. Wapo wanaorudi na mimba ambayo hakuna anayekiri kuijua, wanashukia stendi ya Makambako usiku, na kliniki ya kwanza wanayoiona ni ile ya kujifungulia. Pili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Novemba 2021 serikali ikatangaza kuwa msichana aliyejifungua anaweza kurudi shule. Hatua hizi ni za uzazi salama kuliko wengi wanavyodhani, maana mwili wa miaka kumi na tano haujamaliza kukua, na kifafa cha mimba huwapenda wazazi wachanga. Kitaifa, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kushika mimba walikuwa asilimia 27 mwaka 2015/16, wakawa 22 mwaka 2022.

Kuhusu uzazi wa mpango, alama ya Nyota ya Kijani imekuwa kwenye kuta zetu tangu mwaka 1993, na kabla yake kulikuwa na chama cha UMATI tangu 1959. Hakuna mwanamke wa Njombe asiyejua kijiti ni nini. Hata hivyo, mwaka 2022 ni asilimia 31 tu ya wanawake walioolewa nchini waliokuwa wakitumia njia ya kisasa, ilhali miaka saba nyuma walikuwa 32. Tumesimama. Elimu peke yake haielezi kusimama huku. Sindano ya miezi mitatu inapendwa sana kwa sababu haionekani, na mwanamke anayelazimika kuchagua njia kwa kigezo cha kutoonekana ametueleza habari za nyumbani kwake bila kufungua mdomo. Na anapopata maudhi, damu kutokoma au kichwa kuuma, hana wa kumwambia, kwa hiyo anaacha kimyakimya.

Juu ya wodi zenyewe nitakuwa mfupi, si kwa sababu mambo yote ni mazuri. Sera inasema huduma za mjamzito ni bure, na bado mama huambiwa aje na glovu, mpira wa kulalia, pamba na vibana kitovu, naye huanza kuvinunua kimoja kimoja tangu mimba ya miezi mitano. Wapo wakunga wanaozalisha wawili kwa wakati mmoja usiku mzima, na asubuhi tunawalaumu kwa ukali wa maneno yao. Ukali si halali. Lakini anayetaka mkunga mpole ampelekee mwenzake wa kumsaidia zamu. Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, ilishusha vifo vyake vya uzazi katika karne iliyopita kwa kuweka mkunga aliyesomea na kuheshimiwa karibu na kila kijiji, huku ikisomesha wasichana, na haikusubiri kwanza itajirike.

Mniruhusu sasa niseme ninachoomba kifanyike, kwa halmashauri zetu na kwa nyumba zetu.

Tangu Desemba 2017 wakuu wa mikoa husaini Mkataba wa Lishe, na halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Naomba Njombe iongeze kipimo chake yenyewe: mjamzito anafanya kazi saa ngapi kwa siku miezi mitatu ya mwisho, na mzazi alirudi shambani baada ya siku ngapi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuuliza maswali hayo mawili siku ya afya na lishe ya kijiji, anapopima uzito wa watoto. Tusichokiuliza hakitaingia kwenye bajeti. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia nne yake ni ya wanawake, iende pia kwenye vitu vinavyookoa muda wao: mashine ya kusaga iliyo karibu, majiko yanayotumia kuni kidogo na yenye bomba la moshi, kituo cha kulelea watoto wachanga pembeni ya shamba la chai, mahali mama anapoweza kutoka dakika ishirini akanyonyesha na kurudi kwenye safu yake. Wenye mashamba makubwa wanaweza kuchangia hilo, na wanaochuma kwa kilo wahesabiwe kuwa nao wana uzazi.

Wanaume wenzangu, mimba ikifika miezi saba, kuni na maji viwe vyenu. Sisemi mfanye hivyo kwa huruma. Mtoto ni wenu, na uzito atakaozaliwa nao mnaweza kuuongeza kwa mikono yenu wenyewe kuliko daktari yeyote.

Na Makambako, mji wenu hauamki na kulala kama Njombe. Soko lina watu alfajiri, stendi ina watu usiku wa manane, na kliniki ya wajawazito hufanyika asubuhi za siku za kazi, saa zilezile ambazo mama lishe ana sufuria motoni na mhudumu wa baa ndiyo kwanza amelala. Hawa ndio wenye hatari kubwa zaidi, nao ndio ratiba imewaacha nje. Kliniki ya jioni mara mbili kwa juma, jirani na stendi, yenye vipimo vya VVU, kaswende na shinikizo la damu, uchunguzi wa siki na njia za uzazi wa mpango, haidai jengo jipya wala mfadhili. Inadai zamu mbili za wauguzi na posho yao ya saa za ziada, na hilo linaweza kupitishwa na madiwani katika kikao kimoja cha baraza kabla ya bajeti ijayo kufungwa.